Barua ya Maombi ya Kazi: Anzia Kwenye Tangazo, Usianzie Kwako

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuchambua maombi ya kazi kabla ya usaili. Barua nyingi zinazonipitia huanza hivi: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Sina ugomvi na uchapakazi. Ila aliyetangulia naye kasema hivyo hivyo, na anayefuata atasema hivyo hivyo, kwa hiyo nikimaliza kusoma sina cha kumtofautishia mtu na mwenzake.

Hatua ya 1: Soma tangazo kalamu ikiwa mkononi

Iache kwanza orodha ya sifa za mwombaji, nenda kwenye majukumu. Pigia mstari vitenzi. Tuseme nafasi ni ya mtunza stoo, na tangazo linataja "kuhesabu mali kila wiki", "kuoanisha leja na mali iliyopo" na "kudhibiti upotevu". Majukumu matatu, kidonda kimoja: mali inapotea pale, na hawajui inapotelea wapi. Sasa unajua unamwandikia mtu anayeumwa nini. Ukiiruka hatua hii, hizo nyingine zote ni kupamba tu.

Hatua ya 2: Tafuta ushahidi

Kwa kila kitenzi ulichopigia mstari jiulize: hili niliwahi kulifanya wapi, na baada ya hapo kilibadilika nini? Mifano miwili inatosha. Kama ndiyo kwanza umemaliza masomo, usianze kwa kuomba radhi kwamba huna uzoefu. Mafunzo kwa vitendo, kazi ya kujitolea, hata kutunza fedha za kikundi cha wanafunzi ni ushahidi, mradi ueleze ulichofanya hasa. Tarakimu husaidia, lakini usizitunge. Nikiona "nilipunguza upotevu kwa asilimia 40", swali langu la kwanza kwenye usaili litakuwa: ulipimaje?

Hatua ya 3: Andika aya ya kwanza

"Ninaandika kuomba nafasi iliyotajwa hapo juu." Najua, kichwa cha barua kimeshaniambia. Linganisha na hii:

"Tangazo lenu linataka mtu wa kudhibiti upotevu wa mali. Ninapofanya kazi sasa nilikuta leja inasema hili, rafu zinasema lile. Tulipoanza kuhesabu kila Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi, tofauti zikawa zinaonekana mapema, wakati kila mmoja bado anakumbuka nani alichukua nini."

Mwandishi hajajisifu hata kidogo, lakini umeshajua ni mtu makini.

Ujanja wenyewe ni wa kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1480 Leonardo da Vinci, mchoraji mashuhuri wa Italia, aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Aliorodhesha madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga na magari ya vita, mambo ambayo mtawala wa zama zile aliyahitaji. Uchoraji aliutaja mwishoni. Leonardo!

Hatua ya 4: Mwili wa barua

Aya moja, au mbili fupi. Usirudie CV. CV inasema ulikuwa wapi na lini. Barua inaeleza ulivyofanya na kwa nini inawahusu wao. Kama kuna pengo la mwaka mzima au unabadili fani, liseme kwa sentensi moja kisha endelea. Usipolisema, msomaji atalijaza mwenyewe, na mara nyingi hujaza vibaya. Na tafadhali, usilie shida. "Nina familia inayonitegemea" humtia msomaji huruma, lakini haimpi sababu ya kukuita.

Hatua ya 5: Funga

Sema uko tayari kwa usaili, taja unaweza kuanza lini ikiwa wameuliza, shukuru, weka jina. Basi. Barua nzima isizidi ukurasa mmoja, herufi za ukubwa wa 11 au 12, na uitume kama PDF isipokuwa tangazo limeagiza vingine. Faili lipe jina lako na jina la nafasi. Sitaki kukuambia nina mafaili mangapi yanayoitwa "barua mpya ya mwisho".

Hatua ya 6: Isome kwa sauti

Ilaze usiku mmoja kama muda unaruhusu, kisha isome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi ni ndefu mno. Halafu hakiki majina: la nafasi, la taasisi, la unayemwandikia. Niliwahi kupokea barua nzuri kuliko zote za wiki ile. Aya ya mwisho ilieleza kwa hisia jinsi mwombaji alivyotamani kufanya kazi na washindani wetu.