Jinsi ya kuifuata sukari ndani ya maltoporini kwa kompyuta yako

Uliza sukari inavukaje utando wa nje wa bakteria, na wengi watakujibu: kuna matundu. Jibu hilo litakuvusha mtihani, lakini haliwezi kueleza jambo hili: maltoporini ya bakteria Escherichia coli, protini ya utando huo iitwayo pia LamB, ina tundu jembamba kuliko la OmpF, protini nyingine yenye tundu kwenye utando huohuo, na bado ndiyo inayopitisha maltoheksaosi, mnyororo wa glukosi 6 wenye uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 991 hivi. OmpF inaishia kwenye daltoni 600. Mimi nikifundisha mada hii sianzi na mchoro wa ubaoni. Nawaambia wanafunzi wafungue kompyuta wajionee wenyewe.

Unahitaji programu ya ChimeraX, ambayo ni bure kwa masomo na utafiti usio wa biashara, pamoja na intaneti ya kushusha mafaili kutoka hifadhi ya miundo ya protini. Amri zote hapa chini unaziandika kwenye mstari wa amri, chini ya dirisha.

Anza na OmpF, maana ndiyo rahisi:

open 2omf
show :42,82,132,113,117 atoms

Faili hili lina mnyororo mmoja tu, ingawa kwenye utando protini hii hukaa tatu tatu. Kwa leo mmoja unatosha. Utaona pipa la mikanda ya beta 16, na katikati yake kitanzi kimekunjika kuingia ndani na kulibana tundu hadi angstromu 7 kwa 11 hivi (angstromu ni sehemu ya milioni kumi ya milimita). Upande mmoja wa hapo penye mbano kuna arginini tatu, asidi amino zenye chaji chanya (42, 82 na 132, yaani nafasi zao kwenye mnyororo), upande wa pili asidi amino mbili zenye chaji hasi (113 na 117). Chaji zimetazamana. Glukosi ya daltoni 180 inapita hapo bila kushikwa na kitu chochote cha maana. Kinachoamua ni ukubwa, chaji na bahati. Ukishaliona hilo, andika close.

Sasa LamB, ikiwa na maltoheksaosi ndani yake:

open 1mpo
hide atoms
show /A:6,41,227,358,420 atoms
show /B,C:74 atoms
show :GLC atoms
style stick
color bychain

Usishangae sukari ikiwa na herufi yake ya mnyororo, tofauti na ya protini. Hifadhi ilipanga upya mafaili ya sukari mwaka 2020, kwa hiyo maelekezo ya zamani mara nyingi hayafanyi kazi hapa.

Wengi huitazama protini kutoka juu, wakaona matundu matatu, wakaridhika. Igeuze ilale ubavu wake. Vile vitanzi virefu ndivyo vilivyo nje ya seli (fagi lambda, kirusi kinachoshambulia bakteria, hujishikiza hapo, na jina LamB limetokana naye). Mikunjo mifupi iko upande wa periplazimu, yaani nafasi iliyo kati ya utando wa nje na wa ndani. Kisha chukua zana ya kukata, iliyo kwenye kichupo cha kitufe cha kulia cha kipanya, usogeze mkato taratibu mpaka uingie katikati ya mnyororo A.

Hapo ndipo pa kukaa muda. Kutoka nje kwenda ndani, zifuate asidi amino hizi kwa mpangilio: triptofani 74, tirosini 41, tirosini 6, triptofani 420, triptofani 358, mwisho fenilalanini 227. Zote zina pete bapa, na zimejipanga upande mmoja wa mfereji kwa mzunguko wa kushoto, unaolingana na msokoto wa mnyororo wa sukari wenyewe. Hiyo 74 ni ya protini jirani. Imeazimwa kupitia kitanzi kinachovuka mpaka. Ndiyo maana nimekuambia uonyeshe B na C pamoja: mmoja wao ndiye mwenye kuikaribia A.

Pima umbali. Shika Ctrl ubofye kaboni moja ya sukari, shika Ctrl na Shift ubofye kaboni ya pete iliyo karibu, kisha andika distance sel. Tarajia karibu angstromu 4. Sukari tunaijua kama kitu kinachopenda maji, lakini uso wa pete yake umejaa hidrojeni za kaboni, na uso huo ndio unaolala juu ya pete za protini. Haidroksili zake (vikundi vya OH) zinatazama pembeni, na huko zinapokewa na hizi:

show /A:8,33,82,109,43,111,116,118 atoms

Arginini nne na asidi amino tatu zenye chaji hasi. Sukari ikisogea hatua moja, bondi ya hidrojeni inayoachwa inafidiwa na nyingine, kwa hiyo hakuna mahali inapolazimika kulipa gharama kubwa. Tirosini 118 inasimama mkabala na kuibana ipite ikiwa imenyooka.

Usitafute ATP, molekuli inayoipa seli nishati, hapa; haipo. LamB haisukumi; sukari inafuata mteremko wa ukolezi tu. Kinachoufanya mteremko udumu ni protini ya periplazimu inayokamata maltosi (sukari ya glukosi 2) hata ikiwa karibu mikromola 1, na ATP inatumika baadaye kwenye utando wa ndani. Kwa hiyo maltosi ikiwa tele, bakteria asiye na LamB anaishi vizuri kwa kutumia njia kama OmpF. Ikiwa adimu, anakwama. Mtu akikuuliza faida ya mfereji unaoshikashika sukari, mjibu kwa hilo.

Hatua ya mwisho, kwa mwenye hamu:

open 1a0s
matchmaker #2 to #1
show #1/A:118 atoms
show #2:201 atoms

Hii ni ScrY, inayopitisha sukrosi, nayo ina mikanda 18 kama LamB. Sukrosi ndani ya LamB hushikwa lakini hupita kwa shida sana. Tazama pale tirosini 118 ilipo: ScrY imeweka asidi aspatiki, 201, ambayo ni fupi zaidi. Washa uso wa protini zote mbili kwa amri surface, ukate tena ubavuni, ulinganishe upana wa mfereji hapo.