Msiba ukitokea: jinsi ya kufikisha ujumbe mmoja kwa wenye WhatsApp, Telegram na kitochi

Mjomba wangu wa Mchinga alipata habari ya kifo cha kaka yake siku ya pili, tena kwa mtu baki waliyekutana kwenye mnada wa samaki. Tulikuwa tumeshazika. Habari niliiandika mimi mwenyewe kwenye grupu la ukoo la WhatsApp tangu alfajiri, pole zikaanza kumiminika, nikaamini kila mtu kapata. Mjomba ana kitochi. Alikuja mpaka kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi, akaniuliza, "Mwanangu, namba yangu hukuwa nayo?" Nilikuwa nayo.

Mimi ni wakala wa miamala karibu na stendi ya Lindi, na ndiye katibu wa ukoo wetu. Tangu siku ile nina utaratibu, nao nauandika hapa kwa yeyote mwenye kikoba, chama cha kuzikana au ukoo uliotawanyika kama wetu: wengi wako WhatsApp, vijana wa Dar es Salaam wamehamia Telegram, wazee wana vitochi.

Elewa kwanza kwa nini grupu halitoshi. SMS ya Airtel inapokelewa na laini ya Vodacom kwa sababu kampuni za simu zimekubaliana kupokeana. WhatsApp inampelekea mwenye WhatsApp tu, na Telegram vivyo hivyo. Ufundi wa kuziunganisha upo, kinachokosekana ni makubaliano. Sisi mawakala tuliliona hili kwenye pesa: mteja alikuwa anakuja na laini tatu kwenye fundo la kanga, kila moja na watu wake wa kutumiana. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kupokeana, mwaka 2016 Vodacom akaingia, na fundo likafunguka. Kwenye ujumbe, Umoja wa Ulaya wametumia sheria: tangu Machi 2024 WhatsApp inatakiwa ifungue mlango kwa programu nyingine zinazoomba kuunganishwa. Lakini sheria hiyo ni ya Ulaya. Namba ya Lindi haimo, kwa hiyo daraja ni wewe.

Anza na daftari. La karatasi, maana simu huibiwa. Kila mtu mstari wake: jina, namba inayopokea SMS, programu anayotumia, na jina la jirani au mtoto anayeweza kumfikishia habari. Usimuulize "una WhatsApp?" Wengi watasema ndiyo, kumbe bando wananunua Jumamosi tu. Muulize, "Nikikuandikia sasa hivi, utasoma wapi kabla ya adhuhuri?" Jibu la swali hilo ndilo la kuandika. Kwa walio Telegram sisitiza namba ya simu, kwa sababu mle mtu anaweza kuficha namba akabaki na jina la kujitungia, na siku akibadilisha jina humpati.

Ujumbe wenyewe uandike kwanza kama SMS, kisha ndio uupeleke kwingine. SMS moja ina herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Huu hapa ndio niliotumia kwenye msiba uliofuata:

MSIBA: Babu yetu wa Ng'apa amefariki leo alfajiri. Maziko leo saa 10 jioni, Ng'apa. Gari litaondoka stendi Lindi saa 7 mchana. Ukipata, jibu NIMEPATA.

Ni herufi 150. Nani, lini, wapi, usafiri, na neno la kujibu. Dua na wasifu wa marehemu vitafuata baadaye.

Sasa angalia ile alama kwenye Ng'apa, maana imenila vocha. Ikiwa imenyooka, ujumbe wote ni SMS moja. Ikiwa imepinda kama mkia wa koma, kama inavyotoka ukinakili kutoka Word au kwenye iPhone nyingi, simu hubadilisha namna ya kuandika ujumbe mzima na SMS moja inashuka mpaka herufi 70. Ule ule wa herufi 150 unakatwa vipande vitatu, na unalipia vitatu kwa kila mtu. Kitochi cha zamani kinaweza kuvionyesha vimeachana, mzee akasoma cha saa 7 mchana asione nani kafa. Vikatuni vya mikono inayoomba vinaleta balaa hilo hilo. Kwa hiyo futa alama iliyopinda, uiandike upya kwa kitufe cha kawaida, na utazame kinamba kidogo karibu na kitufe cha kutuma: simu nyingi zinaonyesha herufi zilizobaki na idadi ya SMS.

Ukishatuma SMS kwa wazee, nakili maneno yale yale ubandike WhatsApp na Telegram. Usiongeze wala usipunguze. Saa ya maziko ikitofautiana kwa neno moja, watu watapigiana simu mchana kutwa kuulizana ipi ni kweli. Ujumbe wa sauti utume baadaye ukitaka, na asiyejua kusoma mpigie.

Ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp badala ya grupu, jua kwamba inamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Shangazi yangu mmoja alikosa ujumbe kwa sababu hiyo, na mimi kwangu niliona umekwenda.

Utakutana na programu zinazodai kuunganisha yote mahali pamoja. Baadhi ni kazi halali, mfano Matrix iliyoanza mwaka 2014, lakini daraja la namna hiyo mara nyingi hufungua ujumbe katikati ili liuvushe upande wa pili, kwa hiyo anayeliendesha lazima awe mtu unayemwamini. Zile WhatsApp za kupakua mitaani ziache kabisa. Akaunti inaweza kufungwa, na grupu la ukoo likabaki bila msimamizi. Na tarakimu sita za kuthibitisha namba usimpe mtu yeyote, hata akisema anakusaidia kuunganisha.

Majibu yakianza kuja, weka alama kwenye daftari. Mimi nasubiri saa moja, kisha napiga kwa kila asiyejibu, na simu isipopokelewa napiga kwa jirani. Mstari wa mjomba unasema: mchana yuko baharini, mpigie mkwewe wa dukani. Nakushauri ujaribu kabla ya shida: Ijumaa moja tuma "Jaribio la ukoo, jibu NIMEPATA", na ikifika magharibi anza kuwapigia walio kimya. Mara ya kwanza mimi nilikuta namba kumi na moja hazipo tena hewani.