Nani Mwenye Mamlaka ya Kubadilisha Tarehe ya Kikao cha Bodi, na Jinsi ya Kuibadilisha Ipasavyo

Kikao cha bodi kimepangwa kufanyika Jumamosi saa nne asubuhi, na Alhamisi jioni unaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwenyekiti amekiahirisha kwa majuma mawili. Wajumbe wengi hujibu "sawa" bila kuuliza ni kifungu gani kinachompa uwezo huo, na mjumbe wa Arua ambaye amekwisha kukata tiketi ya basi la usiku kuja Kampala ndiye peke yake anayelalamika. Malalamiko yake yanastahili kusikilizwa, kwa kuwa kikao kilichohamishwa na mtu asiye na mamlaka huweza kutia doa maazimio yote yatakayopitishwa katika tarehe mpya.

Anza kwa kutafuta katiba ya shirika iliyo halali. Simaanishi nakala iliyo kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo huenda imepitiwa na mikono mingi, bali ile iliyosajiliwa pamoja na marekebisho yake yote. Kama shirika lako ni kampuni yenye dhamana isiyo na hisa, kama yalivyo mashirika mengi yasiyo ya kiserikali nchini, nakala hiyo imo katika jalada lake kwenye Ofisi ya Usajili ya Uganda, yaani URSB, na unaweza kuomba nakala iliyothibitishwa. Ukishaipata, soma sura nzima ya vikao vya bodi, kisha usome pia sura ya majukumu ya viongozi, kwa sababu mara nyingi uwezo wa mwenyekiti au katibu kuhusu ratiba umefichwa huko.

Ikiwa katiba inasema waziwazi nani anaweza kuahirisha, hapo hakuna mjadala: anayetajwa ndiye mwenye uwezo, naye autumie kwa masharti yaliyoandikwa. Ugumu huja pale katiba inapotaja anayeitisha kikao na kunyamaza kuhusu anayekiahirisha. Katika ukimya huo, swali la kujiuliza ni hili: tarehe hii ilitoka wapi?

Huenda ilitoka ndani ya katiba yenyewe, kwa mfano kifungu kinachosema kwamba bodi itakutana Jumamosi ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tarehe ya namna hiyo haiwezi kuhamishwa na mwenyekiti, wala na bodi kwa wingi wa kura, maana bodi haina uwezo wa kurekebisha katiba kwa kupanga ratiba. Jumamosi ya kwanza ya Juni inaweza kuangukia tarehe 3, Siku ya Mashahidi, wakati umati unaelekea Namugongo na kupata usafiri ni taabu. Njia halali hapo ni kukutana siku hiyo hiyo kwa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, hata kwa dakika chache, na kupitisha azimio la kuahirisha kikao hadi tarehe iliyotajwa.

Huenda tarehe ilitoka katika azimio la bodi, yaani kalenda ya mwaka iliyopitishwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Kilichoamuliwa na bodi hubadilishwa na bodi. Mwenyekiti ni mjumbe anayeongoza mjadala; hakupewa uwezo wa kutengua uamuzi wa wenzake kwa sababu ya kiti anachokalia. Katibu naye ni mtekelezaji, na mkurugenzi mtendaji, ambaye ni mwajiriwa wa bodi, ana haki ya kuomba mabadiliko na kueleza sababu zake, kwa mfano kwamba hesabu zilizokaguliwa hazijawa tayari, lakini ombi lake si uamuzi. Katika hili sioni haja ya kulegeza msimamo, kwa sababu mtendaji anayejipangia siku ya kuhojiwa na bodi amekwisha kujitoa chini ya usimamizi wake.

Ama tarehe ilichaguliwa na mtu mmoja, mwenyekiti au katibu, kwa uwezo aliopewa wa kuitisha vikao. Hapo ni busara kukubali kwamba anaweza kuichagua upya, ila kwa notisi mpya kwa wajumbe wote. Kikao kilichoitishwa kwa madai ya wajumbe wenyewe ni jambo jingine: mwenyekiti asikiahirishe pasipo ridhaa yao, la sivyo haki yao ya kudai kikao itakuwa jina tu.

Kwa kampuni, linganisha haya na Jedwali A la Sheria ya Kampuni ya mwaka 2012, yaani kanuni za mfano za kuendesha kampuni, ambalo maneno yake yameazimwa na katiba nyingi. Linawaruhusu wakurugenzi, yaani wajumbe wa bodi ya kampuni, kwa pamoja, kukutana, kuahirisha na kupanga vikao vyao waonavyo inafaa, na linamtaka katibu aitishe kikao pale mkurugenzi yeyote anapodai. Mkutano mkuu wa wanachama una ukali zaidi: katika kesi ya Smith dhidi ya Paringa Mines ya mwaka 1906, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba wakurugenzi hawawezi kuahirisha mkutano mkuu uliokwisha kuitishwa ipasavyo, isipokuwa kanuni za kampuni zinawapa uwezo huo. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Uganda, lakini wakili yeyote makini ataurejelea.

Utaratibu wenyewe ni kama ifuatavyo. Anayetaka mabadiliko amwandikie katibu, akitaja sababu na tarehe anayopendekeza. Katibu awasiliane na kila mjumbe, pamoja na yule anayejulikana kuwa mpinzani. Na mwenye mamlaka atoe uamuzi kwa maandishi. Ikiwa mwenye mamlaka ni bodi na hakuna nafasi ya kukutana, tazama kama katiba inaruhusu azimio la maandishi. Chini ya Jedwali A, azimio la namna hiyo lazima litiwe saini na wakurugenzi wote wanaostahili kupewa notisi, kwa hiyo alama za dole gumba kwenye WhatsApp kutoka kwa watu sita kati ya tisa hazitoshi. Kisha notisi itolewe upya na siku zihesabiwe upya. Katiba ikidai siku 14 kamili, siku ya kupokea notisi na siku ya kikao hazihesabiwi: notisi iliyopokelewa tarehe 1 Machi inaruhusu kikao kuanzia tarehe 16.

Notisi iwe fupi na itaje chanzo cha uwezo: "Kwa mamlaka ya kifungu cha 18, kikao cha bodi kilichopangwa tarehe 7 Machi kimeahirishwa hadi tarehe 28 Machi, saa nne asubuhi, mahali pale pale. Ajenda haijabadilika." Ajenda ikiongezwa jambo, lisemwe humo humo.

Ikiwa unaamini uahirishaji si halali, andika pingamizi kabla ya tarehe ya awali, umpelekee katibu, na udai liingizwe kwenye kumbukumbu. Wajumbe wakifika siku ya awali na akidi ikatimia, hali mwenyekiti hakuwa na uwezo wa kuahirisha, wanaweza kumchagua mmoja wao aongoze, kwa kufuata kifungu cha mwenyekiti asipohudhuria. Hata hivyo, waliokosekana kwa kuuamini ujumbe wa mwenyekiti wana hoja nzito ya kuyapinga maazimio, kwa hiyo ningewashauri waliofika wapitishe jambo moja tu: azimio la bodi linalotaja tarehe mpya, ili notisi halali itumwe kwa wote.