Kuhuisha Gari Adimu la Kale Bila Kuharibu Uasili Wake

Kabla ya kulegeza boliti yoyote, lipige gari picha pande zote na uandike namba za chasisi na injini, kwa kuwa thamani yake hutegemea sana kulingana kwa namba hizo na kumbukumbu za kiwandani. Rangi ya awali, hata ikiwa imefifia, isikwanguliwe. Ioshe kwa sabuni laini, pima unene wake, ndipo uing'arishe kwa mkono, kidogo kidogo, maana tabaka lililoondolewa halirudi. Ngozi ya viti iliyopasuka ishonwe tu. Mipira ya breki na matairi yaliyozidi miaka 10, hata yakionekana mazima, yabadilishwe bila kusita. Vipuri vya asili vilivyotolewa vihifadhiwe vikiwa na lebo.