Tumbaku na Koka za Mila: Kuotesha, Kukausha na Kutumia

Ukitaka kuharibu tumbaku, ikaushe haraka. Ukitaka kuharibu koka, ikaushe polepole. Mimea hii miwili huota katika shamba moja la msituni Amazon na huishia mikononi mwa mzee yuleyule, lakini tabia zake ni mbingu na ardhi. Hasara nyingi hutokana na kuuhudumia mmoja kwa desturi za mwenzake.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Koka imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, kwa hiyo katika nchi nyingi kupanda hata mche mmoja ni kosa. Bolivia ilijitoa katika mkataba huo, ikarudi mwaka 2013 kwa sharti la kulinda utafunaji wa jani nchini mwake, na Sheria namba 906 ya 2017 inaruhusu hekta 22,000 za koka. Nchini Peru jani halali hupitia shirika la serikali, ENACO. Yote yatakayosemwa hapa kuhusu koka ni kazi ya wenyeji wa huko, tena ni ya jani zima, si kitu kingine.

Kuotesha tumbaku

Tumbaku za mila ziko nyingi, ila mbili ndizo zinazotawala Amerika Kusini. Nicotiana rustica asili yake ni milima ya Andes: ni fupi, aghalabu haivuki mita moja na nusu, jani lake ni nene la mviringo na lina kikonyo, ua ni la kijani-njano. Nicotiana tabacum ni ndefu, ina jani pana refu na ua la waridi, na ndiyo inayotumiwa zaidi na watu wa misitu ya Kolombia. Nikotini ya rustica huweza kuzidi ya tabacum mara kadhaa. Usibadilishe moja kwa nyingine kwa kipimo kilekile.

Mbegu ni kama vumbi. Gramu moja ya tabacum ina zaidi ya mbegu 10,000. Kosa la kwanza la mgeni ni kuifukia. Mbegu ya tumbaku inataka mwanga ili iote, kwa hiyo huwekwa juu ya udongo na kushindiliwa kidogo kwa kiganja au ubao, basi. Andaa kitalu cha upana wa mita moja, udongo laini uliochekechwa. Chukua mbegu za kushika kwa ncha za vidole viwili, changanya na konzi ya mchanga mkavu au majivu, kisha nyunyiza ukienda na kurudi mpaka mchanganyiko uishe. Njia nyingine ni kuzitia kwenye keni ya kumwagilia yenye maji, ukikoroga kila mara, maana zikituama zote zitamwagikia pembe moja.

Katika joto la nyuzi 21 hadi 27 mbegu huota kwa siku 7 hadi 14. Mwagilia kwa matone madogo asubuhi, si jioni. Kitalu kinacholala na unyevu huleta kuoza kwa shina, na utaikuta miche imelala chini kana kwamba imekatwa kwa wembe usawa wa udongo. Ikianza hivyo, punguza maji, punguza kivuli, ng'oa iliyosongamana. Miche ikae mbalimbali kama sentimita 3 hadi 5.

Baada ya wiki 6 hadi 8 mche unakuwa na majani manne hadi sita na shina nene kama penseli. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji ili ukomae. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Rustica inatosha sentimita 45 hadi 50 kati ya shina na shina; tabacum iachie 60, na mistari ipishane kwa sentimita 90. Udongo upitishe maji, uchachu wa pH 5.5 hadi 6.5. Samadi mbichi nyingi hutoa jani kubwa la kijani kibichi linalokataa kuiva. Ukiipenda samadi, iwe imeoza na itiwe mapema. Usipande panapotoka nyanya, pilipili wala bilinganya, kwa kuwa minyoo fundo na magonjwa ni ya ukoo mmoja.

Ugonjwa wa batobato ya tumbaku unastahili neno la peke yake. Virusi vyake hukaa hai hata ndani ya jani lililokwisha kukauka, kwa hiyo mtu anayesokota tumbaku kisha akaenda kushika miche anaiambukiza yeye mwenyewe. Nawa kwa sabuni kabla ya kuingia kitaluni. Mche wenye mabaka ya kijani kilichofifia na majani yaliyojikunja hauponi. Ung'oe na uutoe nje ya shamba.

Vichipukizi vya maua vikitokeza, kata kilele. Kwa rustica acha majani 8 hadi 12, kwa tabacum 12 hadi 18. Mmea uliozuiwa kuzaa hurudisha nguvu kwenye jani: linanenepa, linakuwa na gundi, na nikotini inapanda. Siku chache baadaye kila kwapa la jani litatoa otea. Yavunje maotea kila wiki yangali mafupi kama kidole. Ukiyaacha, kazi ya kukata kilele ulifanya bure. Mimea miwili au mitatu iachiwe maua kwa ajili ya mbegu. Chavua yake hujitosheleza, lakini kama kuna aina nyingine jirani, funika maua kwa mfuko wa kitambaa.

Kuchuma na kukausha tumbaku

Jani hukomaa kutoka chini kwenda juu. Lililo tayari lina madoa ya njano, ni zito, na ukilikunja linavunjika kwa sauti. Chuma umande ukishakauka. Jani lililolowa hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mchumaji hushikwa na kichefuchefu, kizunguzungu na jasho la baridi hata kama hajawahi kuvuta maishani. Vaa mikono mirefu na glavu. Nguo zikilowa, badilisha.

Sasa ukaushaji. Jani la tumbaku linatakiwa life polepole, maana lingali hai ndipo linapobadilisha wanga kuwa sukari na kuupoteza ukijani. Tunga majani kwenye kamba uti kwa uti, yasigusane kwa mgongo, yatundike kwenye banda lenye kivuli na hewa. Wiki 4 hadi 8. Likikaushwa juani mara moja, rangi ya kijani inafungwa humo na haiondoki tena, na ladha yake inabaki kama nyasi iliyoungua. Hewa ikiwa nzito mno, ukungu mweupe huanzia kwenye uti, sehemu inayochelewa kukauka. Jaribu kuvunja uti: ukikatika kwa mlio, limekauka, ukipinda, rudisha.

Jani kavu kabisa lisishikwe, litasagika. Subiri asubuhi yenye unyevu, lirudi ulaini kama ngozi. Hapo ndipo watu wa Amazon ya Peru hutoa uti, hupanga majani na kuyafunga kwa kamba kuwa mche mzito kama wa sabuni, wakikaza tena kila siku chache kadiri unavyonywea. Mche huo hukaa miezi ukichachuka ndani kwa ndani. Hutoka mweusi wenye harufu tamu na kali, na ndio mapacho. Moshi wake hauvutwi mapafuni. Mganga huuweka kinywani na kuupuliza: juu ya utosi, viganja, kifua cha mgonjwa.

Ambil

Wamurui-Muina na Wabora wa Kolombia na Peru, wanaojiita watoto wa tumbaku, koka na muhogo mtamu, hawapulizi, wanalamba ambil, yaani rojo nzito ya tumbaku iliyochemshwa. Majani huchemshwa kwa saa nyingi katika maji yanayoyafunika, yanakamuliwa na kutupwa, maji yanachujwa na kurudishwa motoni. Moto mkubwa mwanzoni, kisha mdogo sana, kwa sababu maji yakishaanza kuwa mazito huungua chini ghafla na chungu chote kinapata uchungu wa masizi. Ambil imeiva pale tone likiwekwa juu ya jani linapokaa lilivyo bila kutiririka. Pika mahali pa wazi, usiinamie mvuke.

Chumvi yake si ya bahari. Magome na mitende maalumu ya msituni huchomwa, majivu hutiwa maji ndani ya chujio, na maji yanayodondoka huchemshwa mpaka yabaki magadi meupe. Chumvi hii hutiwa kidogokidogo huku ambil ikikorogwa. Ndiyo inayoipa makali ya haraka. Kipimo ni kiasi cha kichwa cha njiti ya kibiriti, kupakwa kwenye ufizi, na mate ya mwanzo hutemwa. Nikotini iliyokolezwa hivi inaweza kuua. Kijiko kimoja si mzaha, na chombo chake kisiachwe mahali mtoto anapofika. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo hawana kazi nayo.

Koka: kitalu na matuta

Koka inayolimwa ina jamii mbili, kila moja yenye aina mbili. Erythroxylum coca ya kawaida hukaa mteremko wa mashariki wa Andes, kama Yungas ya Bolivia. Aina yake ya ipadu iko bondeni Amazon, na hupandwa kwa vipande vya shina kwa kuwa mbegu zake ni adimu. E. novogranatense ni ya Kolombia, na ndugu yake truxillense anavumilia ukame wa kaskazini mwa Peru.

Mbegu ya koka haiwekwi akiba. Tunda likiwa jekundu huchumwa, nyama huozeshwa siku chache na kuoshwa, na mbegu hupandwa papo hapo, ikikauka inakufa. Kitalu hufunikwa kivuli cha majani, ambacho hupunguzwa taratibu. Mche wa sentimita 30 hivi huhamishiwa kwenye udongo wenye uchachu usiotuamisha maji. Yungas huchimba matuta membamba ya ngazi yaitwayo wachu, kingo zikishindiliwa kwa mkono mpaka ziwe ngumu kama ukuta. Pasipo matuta hayo, mvua za mteremko hufukua mizizi.

Maadui wakubwa ni sisimizi wakata-majani na kiwavi wa nondo Eloria noyesi, ambaye huweza kukiacha kichaka kikiwa vijiti vitupu. Kichaka kilichochoka hukatwa karibu na ardhi, kazi iitwayo pillu, nacho huchipua upya. Mavuno ni mara tatu au nne kwa mwaka.

Jani lililo tayari hukatika likikunjwa. Huchumwa moja moja kwa gumba na kidole, bila kuburuta tawi zima, kwa sababu kichipukizi cha mavuno yajayo kiko hapo hapo kwapani. Jani bichi, matu, hutandazwa usiku lisipate joto la kurundikana. Asubuhi linapelekwa kachi, uwanja wa mawe bapa, likiwa tabaka moja. Jua zuri hulikausha kwa saa chache tu. Mtu asitoke uwanjani: wingu likitanda, majani yote hufagiwa na kuingizwa ndani mara moja, maana lililonyeshewa hugeuka jeusi na hakuna atakayelipa. Lililofaulu ni kijani juu, limefifia chini, halijajikunja.

Shavuni

Neno "kutafuna" linapotosha. Kabla ya lolote, watu wa Andes huchagua majani matatu yasiyo na kasoro, k'intu, hushikwa kama upepeo mbele ya midomo na kupulizwa kwa Pachamama, mama dunia, na milima. Kisha jani moja moja hutolewa uti na kuwekwa shavuni, linalowanishwa kwa mate bila kusagwa. Tonge likishakaa dakika chache, hutiwa llipta, kipande cha majivu ya mabua ya kinoa yaliyokandwa na kukaushwa. Aliyewahi kuona tambuu ikitiwa chokaa anajua sababu: bila magadi jani halitoi kitu. Llipta iwe katikati ya tonge. Ikigusa ufizi inauchoma. Ganzi kidogo ya shavu ni dalili kwamba kipimo kimekaa sawa. Sierra Nevada ya Kolombia majivu hayatumiki. Mwanamume hubeba kibuyu cha poporo chenye chokaa ya makombe, na kijiti cha kuichotea.

Msituni jani husagwa. Ipadu iliyochumwa siku hiyohiyo hukaangwa kavu kwenye kaango la udongo, ikigeuzwa bila kupumzika mpaka iwe inavunjika kama karatasi; ikipata rangi ya kahawia imeharibika. Hutwangwa katika kinu kirefu, ikachanganywa na majivu ya majani makavu ya mti wa yarumo, yale makubwa kama mwavuli. Unga hutiwa katika mfuko wa kitambaa uliofungwa kwenye fimbo, na mfuko hupigwapigwa ndani ya chombo kilichofunikwa, kinachotoka ni vumbi laini la kijani-kijivu. Majivu yakizidi, shavu linawaka. Yakipungua, ladha ni ya majani tu. Unga huu, uitwao mambe, huvuta unyevu, ndiyo maana hutengenezwa kila jioni kwa kiasi cha usiku huo.

Anayeanza huchukua nusu kijiko, si zaidi. Tia pembeni mwa shavu, funga mdomo, pumua kwa pua, usiseme neno mpaka mate yaugeuze unga kuwa uji mzito. Anayecheka mapema hupaliwa, na wingu la kijani humtoka puani mbele ya wazee. Ukishatulia, ndipo ncha ya ambil hupakwa ufizini, na mazungumzo huanza.