Dawa za usingizi na damu ya ubongo: maswali mawili kwa kila dawa

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Kila gramu 100 hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Kwa kawaida damu hufuata kazi: kazi ikipungua, mishipa hujibana.

Hatua ya 1. Kwa kila dawa, uliza: inapunguza matumizi ya oksijeni? Na mishipa yenyewe inaifanyaje? Wanafunzi wengi huyachanganya haya mawili, kisha gesi za usingizi zinawapiga chenga.

Hatua ya 2. Anza na propofoli na thiopentali, dawa za usingizi za kudunga mshipani, maana hazina utata. Matumizi hushuka, damu hushuka, presha ya ndani ya fuvu nayo hushuka. Lakini umeme wa ubongo ukishanyamaza, dozi zaidi haipunguzi tena matumizi. Utashusha presha ya mwili bure.

Hatua ya 3. Sasa gesi. Sevoflureni na isoflureni hupunguza matumizi vilevile, huku zikilegeza mishipa. Kwa dozi ndogo mambo hayo mawili hukaribia kufutana. Ukipita MAK 1 (kiwango kinachowatuliza nusu ya wagonjwa wasitikisike wakipasuliwa), ulegevu unashinda, na damu inamiminika kwenye ubongo usioihitaji. Haloteni ndiyo mbaya zaidi, sevoflureni ina nafuu.

Hatua ya 4. Ketamini huongeza damu ya ubongo, ndiyo maana tulifundishwa kuikwepa kwa aliyeumia kichwa. Mimi siikwepi tena, mradi mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia na amepata dawa nyingine ya usingizi.

Hatua ya 5. Tazama kabonidayoksaidi. Ikipanda milimita 1 ya zebaki, damu ya ubongo huongezeka kwa takriban asilimia 2 hadi 4. Fentanili, dawa kali ya maumivu, yenyewe haigusi sana mishipa, ila ikimpunguzia pumzi mgonjwa anayejipumulia, gesi hiyo hujazana na lawama inakwenda kwa dawa. Nalenga 35 hadi 40. Kushusha chini ya 30 kwaweza kuunyima ubongo damu.

Hatua ya 6. Piga hesabu ya presha inayosukuma damu kwenye ubongo: wastani wa presha ya ateri, toa presha ya fuvu. 80 toa 20 ni 60. Propofoli ikiangusha ile 80 hadi 60, na fuvu likabaki palepale, umebakiwa na 40. Kwa hiyo sirinji ya fenilefrini, dawa ya kupandisha presha ya mwili, naivuta kabla ya ile ya propofoli.