SOMO: Jinsi ya kujenga tanuru la udongo la kutoa chuma kwenye mawe, kwa gharama ndogo

Wakuu habari zenu. Hii kitu nimeulizwa sana kwahiyo leo naiweka yote sehemu moja, mwenye swali aulize hapo chini nitajibu kadri ninavyojua.

Kabla hujashika koleo la kuchanganyia udongo shika kwanza jambo hili, maana wengi wanaoshindwa wanashindwa hapa hapa. Kwenye tanuru la aina hii chuma HAKIYEYUKI. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1538 na sisi tutakuwa tunacheza kwenye 1200 na kitu hivi. Kinachoyeyuka ni uchafu wa kwenye jiwe, yale mavi ya chuma, yanachuruzika kwenda chini, alafu chuma chenyewe kinabaki kigumu, chembe zake zinashikana moja moja mpaka linakuwa bonge lenye matundu matundu kama sifongo. Na mkaa haupo pale kwa ajili ya joto tu, mkaa ukiungua ndani ya tanuru refu unatoa gesi ya monoksaidi ya kaboni na hiyo gesi ndo inanyang'anya oksijeni kutoka kwenye jiwe, kinachobaki ni chuma. Kwahiyo ukiwa unafanya kazi usiwaze "niongeze moto kiyeyuke", waza upepo na mkaa viende sawa. Ukilielewa hili, mengine yote yanajieleza.

HATUA YA KWANZA, JIWE

Usijenge chochote kabla hujapata jiwe zuri, narudia, usijenge. Jiwe la chuma ni zito, ukilipima kwenye mkono unasikia kabisa ni kama mara mbili ya jiwe la kawaida la ukubwa ule. Chukua kigae cheupe cha bafuni, geuza upande wa nyuma ambao haung'ai, sugua jiwe pale. Likiacha mstari mwekundu wa damu ya mzee hiyo ni hematiti, likiacha mweusi na sumaku inalivuta kwa nguvu hiyo ni magnetiti, likiacha wa njano ya kahawia ni limonaiti, nayo inafaa ila ina maji mengi ndani. Safi kabisa za hizo mbili za kwanza zina chuma karibu asilimia 70, lakini la kuokota porini halifiki huko. Udongo mwekundu wa kumwaga barabarani, moramu, una chuma kweli ila mara nyingi ni kidogo, utamaliza mkaa upate mavi matupu.

Mchanga mweusi wa mtoni unaweza kutumika, kule Upare wazee walikuwa wanauosha mchanga wa namna hiyo na ndo ulikuwa chanzo chao cha chuma. Ila mchanga mweusi wa ufukweni kwetu pwani una titani nyingi, na hata jiwe la Liganga kule Ludewa lina titani na vanadi ndani yake, anayeanza asianze na hayo maana mavi yake ni mazito hayataki kutoka.

Ukishapata jiwe lichome kwanza. Panga kuni, weka mawe katikati, choma mpaka yawe mekundu, acha yapoe. Maji yanatoka, jiwe linapata nyufa, kulivunja inakuwa rahisi. Vunja mpaka saizi ya punje za maharage, vumbi chekecha utupe pembeni kwa sababu vumbi linaziba njia ya upepo. Andaa kilo 20, chini ya hapo bonge linakuwa dogo mno na ukuta wa tanuru unakula chuma chote.

HATUA YA PILI, UDONGO NA UJENZI

Udongo wa kichuguu. Hapa sina mjadala. Mchwa wameshakufanyia kazi ya kuchuja, na Wahaya walikuwa wanautumia kwenye matanuru yao ambayo huko Katuruka karibu na Bukoba wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya miaka kama 2000 iliyopita. Ponda, chekecha, changanya na mchanga mkavu karibu nusu kwa nusu, tia na nyasi zilizokatwa fupi fupi au kinyesi kikavu cha ng'ombe, nyasi zinaungua zinaacha vinjia vya mvuke kutoka ili ukuta usipasuke. Maji yawe kidogo sana, tonge ukilidondosha toka kiunoni lisambae kidogo tu lisiwe uji.

Chagua sehemu ya wazi kabisa, mbali na nyumba, mbali na makuti, ardhi kavu. Tengeneza duara kwa fito zilizofungwa pamoja, upana sentimita 27 hivi, zungushia magazeti, ndo kalibu yako. Jaza mchanga ndani isibonyee. Alafu jenga ukuta kuizunguka, unene sentimita 7, panda kidogo kidogo, usijenge yote kwa mkupuo itakaa chini kwa uzito wake. Urefu wote sentimita 90 mpaka 100. Ukimaliza ondoa mchanga na fito.

Chini mbele kata mlango upana kama 20 na kimo kama 25, huo utauziba kwa matofali na tope siku ya kazi, ndo njia ya kutolea mavi na bonge. Ubavuni toboa tundu la mrija wa upepo, sentimita 25 toka chini. Mrija uinamie chini nyuzi kama 20, na ncha iingie ndani sentimita 5 ikiupita ukuta, hiyo sentimita 5 ni muhimu sana, ukiweka usawa wa ukuta moto utakula ukuta badala ya kukaa katikati. Mrija wenyewe finyanga kwa udongo ule ule tundu la ndani sentimita 2.5, ukaushe uuchome kabla, au tumia bomba nene jeusi la chuma ambalo litaungua taratibu. Bomba la maji lile jeupe lililopakwa zinki USITUMIE, moshi wa zinki ni homa ya siku nzima.

Kausha wiki mbili kivulini, mvua isiguse. Nyufa ndogo ziba na tope. Usiharakishe na moto mkubwa, maji yaliyobaki ndani ya ukuta yakigeuka mvuke ghafla ukuta unarusha vipande.

HATUA YA TATU, UPEPO

Hapa ndo roho ya kazi. Blowa ndogo ya umeme ya wahunzi inatosha, iwe na koki au kipande cha bati cha kupunguzia. Tanuru la upana huo linataka kama lita 700 mpaka 850 za hewa kwa dakika. Unapimaje? Chukua mfuko wa nailoni wa lita 100, ufungie kwenye blowa, ukijaa kwa sekunde 7 au 8 upo vizuri. Ila kipimo cha ukweli ni siku yenyewe: kilo 2 za mkaa zinatakiwa ziishe ndani ya dakika 8 mpaka 10. Zikiisha haraka punguza, zikichelewa ongeza. Basi. Mimi nikiwa kwenye tanuru saa ya mkononi naiangalia kuliko moto.

Nyuma ya mrija acha kitundu chenye kioo ili uchungulie ndani, vaa miwani ya kuchomelea.

HATUA YA NNE, SIKU YA KAZI

Mkaa wa mti mgumu, vunja saizi ya sentimita 2 au 3, vumbi chekecha. Nunua zaidi ya unavyodhani, kilo 50 hadi 60 baada ya kuchekecha, maana ukikatika katikati kazi yote imekufa.

Tandika vumbi la mkaa chini ya tanuru kimo cha sentimita 10 ushindilie, ndo kitanda cha bonge. Washa kuni laini kwa saa moja na nusu ukuta upate joto. Jaza mkaa hadi juu, fungulia blowa, subiri mpaka juu kote kunawaka. Gesi inayotoka juu iwashe iwake muda wote, ile ni sumu isiyo na harufu, watu wanalala wasiamke, kwahiyo hakuna kufanya hii kitu ndani ya banda na hakuna kuinamia mdomo wa tanuru. Watoto wakae mbali.

Sasa mkaa ukishuka unaweka kilo 2 za mkaa na kilo 1 ya jiwe juu yake. Mara tatu nne hivyo, alafu panda taratibu mpaka kilo 2 kwa kilo 2. Chungulia: ndani kukiwa njano inayong'aa upo sawa, kukianza kuwa giza mavi yameziba mrija, ingiza nondo nyembamba usafishe haraka. Sikiliza pia, sauti ya upepo ikibadilika ikawa kama inabubujika mavi yamepanda mpaka usawa wa mrija, toboa kitundu chini mlangoni yachuruzike.

Mavi yanakwambia kila kitu. Yakitoka meusi yanatiririka vizuri upo sawa. Yakipoa ukayapitishia sumaku yakashika kwa nguvu bado yana chuma kingi, punguza jiwe kidogo. Yakiwa ya kioo cha kijani umezidisha mkaa kuliko jiwe.

Jiwe likiisha weka mkaa mtupu mara mbili, acha ishuke yote, kama dakika 40. Vunja mlango. Bonge limekaa chini ya mrija limeng'ang'ania ukutani, ligonge kwa mti mbichi toka juu lidondoke, livute kwa koleo refu, wahi kwenye gogo la mti, ligonge kwa nyundo ya mbao kwanza, polepole, likiwa njano, ili lijibane na mavi yachuruzike nje. Ukianza na nyundo kubwa ya chuma linasambaratika. Muwe watu wawili watatu, mvae glavu za ngozi, viatu vya ngozi, nguo za pamba, nailoni hapana.

Kilo 20 za jiwe zuri zikikupa bonge la kilo 3 mpaka 5 umefanya kazi, na ukilifua likawa kipande safi litapungua tena kama nusu.

MASWALI YA WADAU

Mkuu mi nilitaka nimimine kwenye kalibu nitoe sufuria na vyuma vya mashine, haiwezekani kabisa?
Kwa tanuru hili hapana. Ukizidisha mkaa na joto chuma kinakunywa kaboni na kinaweza kweli kutiririka, ila hicho ni chuma cha kalibu, ukikigonga kikiwa moto kinapasuka vipande, hakifuliki. Ukitaka sufuria nenda kwenye alumini chakavu na tanuru la chungu cha kuyeyushia, hilo ni somo lingine.

Kaka huku kwetu umeme ni wa kubahatisha, nifanyaje?
Mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mtu mmoja anabonyeza kwa kupokezana mkono wa kulia na kushoto, ila muwe watu wa kutosha kupokezana maana ni masaa. Feni ya betri ya gari nayo inafanya kazi ukiwa na betri mbili. Wafipa wao waliumaliza huu ugomvi kitambo, waliinua tanuru karibu mita 3, malungu waliyaita, yalivuta hewa yenyewe kupitia mirija mingi chini bila mvukuto wowote, ilichukua siku kadhaa, alafu bonge walilirudia kwenye tanuru dogo la mivukuto, kintengwe, kulisafisha. Kwa anayeanza malungu ni makubwa mno, udongo tu utakumaliza.

Makaa ya mawe ya Kiwira si ni rahisi kuliko mkaa?
Usiyatie. Yana salfa, salfa ikiingia kwenye chuma kinakatika ukikifua moto. Na makaa ya mawe mengine yakipata moto yanalainika yanashikana, upepo haupiti.

Nimejenga na matofali ya kuchoma ya kawaida yameanza kulainika karibu na mrija.
Ndivyo yalivyo, udongo wake haukuchaguliwa kwa moto wa namna hiyo. Bomoa sehemu ya chini, jenga na kichuguu, juu matofali yanaweza kubaki. Na hata kichuguu kitaliwa kidogo pale kwenye mrija, ni kawaida, unapaziba upya kwa tope kila baada ya kazi.

Hii inafaa na dhahabu? Nina mawe na zebaki kidogo.
Ndugu yangu hapana, na hiyo zebaki usiichome nyumbani hata mara moja. Mvuke wake unaingia kwenye mapafu na ubongo, na watoto wa nyumba hiyo ndo wanaumia zaidi. Dhahabu haitaki tanuru la mkaa na jiwe lote ndani, inasafishwa kwanza kwa maji na sluisi, ule mfereji wa kuoshea unaobakiza dhahabu, alafu inayeyushwa kwenye chungu kidogo cha kuyeyushia na boraksi, unga wa kutoa uchafu, nyuzi 1064 tu. Na wenye mawe ya madini ya risasi au mawe yanayonuka kitunguu saumu yakichomwa, hiyo harufu ni aseniki, yaacheni.

Biashara ipo? Nondo si tunanunua tu dukani?
Kwa kushindana na nondo hakuna biashara, mkaa peke yake unakula faida, na chuma chakavu kipo. Inayoweza kulipa ni visu na vitu vya sanaa vilivyofuliwa kwa chuma kilichotoka kwenye jiwe lenyewe, kuna wanunuzi wa hivyo, na shule zinazotaka kuonyesha wanafunzi kemia kwa macho. Ukitaka kuchimba mawe kwa kuuza pata leseni ya uchimbaji mdogo kwanza.

Mimi ni dada, fundi wa kuchomelea. Bibi aliniambia zamani mwanamke hakusogea kwenye tanuru, kweli?
Kweli dada, sehemu nyingi ilikuwa hivyo. Kwa Wafipa tanuru lenyewe lilichukuliwa kama bi harusi, chuma ndo mtoto wake, na wafua chuma walijizuia kulala na wake zao mpaka kazi iishe. Ni mambo ya wakati wao na nayaheshimu. Ila wewe mwenye jicho la kuchomelea rangi ya moto unaijua kuliko wengi hapa, anza na jiwe kilo 20, ukifika kwenye kuchungulia kioo piga picha ya rangi uiweke hapa nikwambie kama upepo upo sawa.